Michikichi ya Koko Mwasiti

"Hapa hatazikwa," alisema Casimir, na Koko Mwasiti alikuwa hata hajaoshwa.

Alilisema hilo akiwa mlangoni, kofia mkononi, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya samaki. Ndani, marehemu alikuwa amelazwa juu ya mkeka wake wa kusalia, amefunikwa kitenge. Adolphine, mjukuu aliyemuuguza hadi pumzi ya mwisho, alikuwa amepiga magoti akimfunga kidevu kwa kitambaa. Hakugeuka. Alikaza fundo kwanza, ndipo akauliza:

"Papa mukubwa, umesema nini?"

"Nimesema huyu mama alikuwa mugeni. Alitoka Ujiji, ngambo ya ziwa. Kama hamuwezi kumuvusha arudi kwabo, mumupeleke kule chini kwenyi mabwawa, karibu na mudomo ya Mutambala. Bageni bote banazikwaka kule."

Watu wote wa Baraka walipajua mahali hapo. Mto ulipofurika uliyalamba makaburi, na viboko walipita juu yake jioni kwenda kula majani. Waliozikwa huko walikuwa wachuuzi waliofia njiani, wapagazi wasiojulikana majina, na maiti zilizotupwa ufukoni na ziwa. Hakuna aliyekwenda kupalilia.

"Koko alikaa hapa tangu vita ya kwanza ya Bazungu," alisema Adolphine. "Mugeni gani anakaa vile?"

"Alikuya kuosha mama yangu mugonjwa. Mama akakufa, yeye akabakia. Baba yangu hakumutolea mahari, hata mbuzi moja. Haikuwa bibi yake. Ilikuwa mutumishi. Na mutumishi haingie mu udongo ya ukoo."

Casimir alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Alphonse, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Aliyoyasema hayakuwa uongo mtupu. Mwasiti aliingia nyumba ile akiwa msichana asiye na ndugu upande huu wa ziwa, akaitwa amgeuze na kumsafisha mke wa Alphonse aliyekuwa hawezi kujigeuza mwenyewe. Mgonjwa alipofariki waliachwa wavulana wawili. Mdogo, Jacques, alikuwa bado analilia titi la mama. Huyo alimwita Mwasiti mama tangu alipojua kutamka. Casimir alikuwa na akili zake tayari. Hakuwahi kumwita jina lolote. Akitaka maji alisema "wewe", na Mwasiti akamletea maji.

Jacques alikuja kuzama katika dhoruba, na mkewe Suzanne akamfuata kwa homa. Mwasiti, mvi zimeshamjaa, akawachukua watoto wao wawili, Norbert na Adolphine, akaanza upya kupika uji.

Hayo yote Casimir aliyajua. Jambo ambalo hakulitaja pale mlangoni ni michikichi. Nyuma ya nyumba, kuelekea mtoni, lilikuwapo shamba la michikichi ambalo Mwasiti alilifyeka na kulipanda kwa mikono yake. Katika ukoo huo, mke akizikwa kwenye shamba lake, shamba hubaki kwa watoto wa nyumba yake. Mtumishi hana nyumba, kwa hiyo shamba hurudi kwa mtoto wa kwanza. Na wiki iliyopita, bibi kizee akiwa bado anakoroma kwa maumivu, watu walimwona Casimir akitembea kati ya miti hiyo na mnunuzi wa mawese kutoka Uvira, wakiinua vidole kuonyesha mikungu.

Adolphine alisimama. "Papa mukubwa, tuseme ukweli. Tunabishana juu ya udongo, ao juu ya michikichi?"

Uso wa Casimir ulibadilika. "We mwanamuke uliyerudishwa na bwana yako, mutoto mu mugongo, leo unataka kunifundisha? Mupaka jua ishuke, nisimukute hapa."

Akavaa kofia yake, akaondoka. Majirani waliokuwa uani walijifanya wanaangalia kuku.

*

Norbert alimkuta dada yake nyuma ya jiko akitafuta sufuria ya kuchemshia maji. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la kazi. Alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia pamba, na siku hiyo pamba ilikuwa inapimwa. Alfajiri alikuwa ameomba ruhusa ya kubaki msibani. Mzungu wake alimuuliza ni nani aliyekufa. Aliposikia ni bibi, tena si wa damu, alicheka kwa pua akamwambia awahi mizani kabla ya watu kupanga mstari.

"Adolphine, sikia," alisema kwa kunong'ona. "Tumuzike kule kule kwenyi mabwawa. Mungu anaona pahali popote."

"Mungu anaona. Viboko nao banaona."

"Unajua Papa mukubwa na chef ni pete na kidole." Alielekeza kidevu upande wa boma la chifu. "Chef na Muzungu ya pamba nabo, vile vile. Nikigombana naye leo, kesho mimi niko mu mustari na kitunga ya pamba juu ya kichwa."

"Sawa na bantu bengine bote."

"Sikusoma juu ya kuwa sawa na bantu bengine bote!"

Adolphine aliweka sufuria chini. "Nani alikupeleka kusoma, yaya?" alimuuliza kaka yake. "Unakumbuka ile siku frère mwalimu ya misioni alikurudisha juu kaptula yako ilikuwa inaonyesha matako? Koko alikata kitenge yake ya sikukuu, akakushonea. Siku ya sikukuu, bamama bengine bote balikuwa bamependeza. Yeye alikaa mu nyumba."

Norbert aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepakwa rangi na kung'arishwa, na Koko mwenyewe ndiye aliyekuwa akivifuta kila Jumapili hadi alipozidiwa.

"Nimechelewa," alisema. Akashika njia ya kituoni, haraka haraka, bila kuangalia nyuma.

*

Mwalimu Assumani, aliyefundisha watoto wa Waislamu karibu na soko la Baraka, hakumzungusha Adolphine. Mkewe Rehema alianza kufunga marekani ya sanda kabla mazungumzo hayajaisha.

"Mwasiti alikuwa muntu ya kusali," alisema mwalimu. "Aliwapeleka batoto ya Alphonse ku katekisimo juu baba yabo alitaka vile, na yeye akabakia na mukeka yake. Hatukusikia siku moja analalamika. Rehema atamuosha, mimi nitamusalia. Lakini mwanangu, udongo haiko yangu. Mutafute shimo."

Shimo lilikuwa kazi ya vijana wa ukoo. Adolphine aliwakuta kwenye lubunga, kibanda cha wazi ambamo wanaume wa ukoo hukaa, hula na hukata mashauri. Mwanamke haingii humo ila ameitwa. Yeye hakuitwa, na aliingia. Majembe yalikuwa yameegemezwa kwenye nguzo. Yalikuwa yameletwa asubuhi kwa kazi hiyo hiyo kabla Casimir hajapita.

"Nakuya kuomba munichimbie," alisema.

Walitazamana. Mmoja alijikuna shingo. Mwingine, ambaye Koko Mwasiti alimkanda mguu uliovunjika mpaka akatembea, aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye majivu.

"Mukubwa amekataza," alisema wa tatu. "Tukuchimbie, kisha tule wapi?"

"Basi muniazime majembe."

"Majembe nayo iko ya lubunga."

Mtu akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka kwa aibu tu, lakini kilikuwa kicheko. Adolphine alitaka kulia akaona hapo si mahali pake.

"Ninyi munasemaka mugeni siku ya tatu apewe jembe," alisema. "Yeye mulimupa jembe tangu mimi sijazaliwa. Alilima, akapalilia, akawapikia, akawaosha matako. Leo amechoka kulima munamunyima shimo. Mukae vizuri, bababa. Mukae vizuri na majembe yenu."

*

Alikuwa na jembe moja nyumbani, la Koko, lililolika hadi kubaki dogo kama kijiko. Alilichukua akaenda katikati ya michikichi, akachagua mahali penye kivuli na udongo mkavu, akaanza.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Bahati, muuza ndagala kutoka Lweba, mwanamke mzee wa kifua kipana. Habari za msiba zilimkuta njiani; alikuja na kitunga chake cha samaki kichwani. Alikitua, akatazama shimo ambalo lilikuwa bado halijafika goti.

"Banaume biko wapi?"

"Biko mu lubunga. Banakalia majembe."

Mama Bahati alifunga kitenge upya kiunoni, akachukua sahani ya bati iliyokuwa juu ya samaki wake, akaingia shimoni akaanza kuchota udongo ambao Adolphine aliulegeza.

Kisha wakaja wengine. Walikuwa akina mama wa kando ya barabara, waliokuwa wasichana wenye watoto wachanga miaka ile serikali ilipowalazimisha watu kulima pamba. Polisi walipita nyumba kwa nyumba asubuhi, na mama mwenye kunyonyesha alitoka sawa na asiyenyonyesha. Watoto waliachwa kwa Mwasiti. Alitandika mikeka chini ya michikichi hii, akawapanga kama samaki wa kuanikwa, akawalisha uji, akawafukuzia nzi kwa jani. Surua ilipoingia, hakurudisha hata mmoja mlangoni. Aliwaweka wagonjwa upande huu na wazima upande ule, na yeye akalala katikati. Wengine walikufa mikononi mwake. Mama zao waliporudi kutoka shambani jioni aliwapokea njiani, ili wasisikie habari kwa mtu mwingine.

Hao ndio waliokuja. Wengine walileta vijembe vya bustani, wengine masufuria ya kuchotea. Walichimba wakipokezana, na walipochoka waliongea habari zake kwa sauti, bila kulia.

"Alikuwa mukali huyu mama! Nilichelewa kurudi siku moja, akaniuliza: maziwa yako iko ya mutoto ao ya njia?"

"Na Kiswahili yake ya Ujiji! 'Njoo hapa, mwanangu.' Tulikuwa tunamucheka. Leo batoto yangu banasema vile vile."

Kwenye ua wa miti uliotenga shamba na nyumba ya Casimir alisimama Anastasie, mke wa Casimir. Alisimama muda mrefu, mikono kifuani. Hakuna aliyemwita, kwa sababu kila mmoja alijua anarudi kulala wapi. Mwishowe aliingia kwake, akatoka na jembe jipya lenye mpini mrefu, akalipitisha juu ya ua. Mama Bahati alilipokea.

*

Shimo lilikuwa limefika kifuani wakati Casimir alipotokea na polisi mmoja wa chef. Nyuma yao walifuata vijana wa lubunga, kuangalia.

"Adolphine! Toka mu ile shimo!"

"Sitoke."

"Polisi, mutoe!"

Polisi alitazama wanawake wakiwa wamelizunguka shimo, udongo hadi mapajani, vijembe mikononi. Alirekebisha mkanda wake. "Mama, utii amri," alisema, lakini hakusogea.

"Mumeona wapi banamuke kuchimba kaburi?" alipiga kelele Casimir. "Munaleta mukosi mu kijiji!"

"Mukosi umeleta we," alijibu Mama Bahati. Alikuwa amemzidi Casimir umri, na hakumwita Papa. "Casimir, mimi nilikuwa ninaleta samaki kwenu mama yako akiwa mugonjwa. Mugongo yake ilioza. We ulikuwa unapita umefunga pua. Sikulaumu, ulikuwa mutoto. Lakini nani alikuwa anaweka mukono mu ile kidonda? Nani alikuwa anamuimbia usiku ili asipige kelele? Mama yako alikufa akiwa safi. Unajua ni juu ya nani."

Kwa kitambo kidogo Casimir alionekana kama mvulana aliyepewa jukumu kubwa mno. Ni kweli alikuwa amefunga pua. Ni kweli pia kwamba siku ya pili baada ya mazishi alimkuta yule msichana mgeni akichota maji kwa mtungi wa mama yake, na ndiyo sababu hakuwahi kumwita jina lolote. Lakini watu walikuwa wanamtazama, vijana wake walikuwa nyuma yake, na Norbert alikuwa anakuja njiani, shati jeupe, ametoka kazini mchana kweupe.

"Afadhali umefika," Casimir alimwambia. "We ndiye mwanaume mu hii nyumba. Muondoe dada yako."

Norbert alifika ukingoni. Alimtazama dada yake aliyekuwa na udongo kwenye nywele. Alivua viatu, akaviweka pembeni pamoja. Akavua shati, akalikunja, akaliweka juu ya viatu. Kisha akashuka shimoni.

"Toka, Adolphine," alisema.

Adolphine alimtazama kwa macho yanayoungua.

"Toka upumuzike. Huku chini udongo iko nguvu." Akamnyang'anya jembe la Anastasie, akalinyanyua juu ya kichwa, akalishusha.

Mama Bahati alipiga kigelegele kimoja tu, kikali, kisichofaa msibani. Hakuna aliyemkemea. Yule kijana aliyekandwa mguu alitoka nyuma ya Casimir, akapita mbele ya polisi bila kuomba njia, akaruka ndani kumsaidia Norbert kuchimba mwanandani upande wa kibla, kama mwalimu Assumani, aliyekuwa amekwisha kufika, alivyoelekeza kutoka juu. Polisi alisema atakwenda kuripoti. Akaenda kuripoti, taratibu sana.

Walimzika Koko Mwasiti jua likiwa bado juu ya milima. Mwalimu alisali. Wanawake hawakukaa mbali kama ilivyo desturi ya mazishi ya Kiislamu. Walikuwa wamechimba, na hakuna aliyekuwa na uso wa kuwaambia warudi nyuma.

*

Korti ya chef ilimwita Adolphine wiki hiyo hiyo. Alisimama mbele ya wazee akiwa na gauni lake moja zuri.

"Nani alikupa ruhusa?" aliuliza chef.

"Sikuomba ruhusa. Nilikuwa na maiti."

"Mahari yake ilitolewa?"

"Haikutolewa, chef. Hakuwa na baba hapa, hakuwa na kaka. Mungempa nani? Muntu asiye na wa kupokea mahari yake, ndiyo hana bei? Papa mukubwa Casimir anasema hakuwa bibi. Basi amulipe kazi ya mutumishi, tangu vita ya kwanza mupaka juzi. Akimaliza kulipa, mimi mwenyewe nitafukua kaburi na mikono yangu."

Mzee mmoja alikohoa kuficha cheko. Chef hakucheka. Kwa kudharau amri ya mkubwa wa ukoo, Adolphine alihukumiwa kufyeka majani kando ya barabara ipandayo Fizi, hadi mwezi uandame. Kuhusu kaburi, chef alisema aliyezikwa amezikwa. Kuhusu michikichi alisema jambo litaangaliwa, na alipolisema hilo alikuwa amekwisha kusimama.

Norbert hakuhukumiwa na korti, ila alipofika kituoni alimkuta mtu mwingine mbele ya mizani. Mzungu hakuinua hata kichwa. Norbert alirudi nyumbani, akakaa mlangoni mpaka chakula kikapoa, na Adolphine hakumwambia neno la kumfariji, kwa kuwa lisingekuwa la kweli. Asubuhi iliyofuata Norbert alichukua jembe dogo la Koko, akaenda kupalilia chini ya michikichi.

Adolphine alifyeka barabara, mtoto mgongoni. Mikono ilimchubuka, na mlinzi alimwita "malkia ya makaburi" ili wafungwa wengine wacheke. Wanawake waliopanda Fizi sokoni walimwachia ndizi na mihogo ya kuchoma kwenye majani, na Mama Bahati alipopita na ndagala zake alisimama makusudi mbele ya mlinzi na kupaza sauti: "Mutoto ya Mwasiti, hujambo?"

"Sijambo, mama!" alijibu, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

*

Adhabu ilipokwisha, mikungu ilikuwa imeiva. Casimir hakuwa amewatuma wakwezi wake. Alikuwa anangoja neno la chef, na neno la chef halikuja. Yule mnunuzi wa Uvira alisikia habari za kaburi, akanunua kwingine.

Adolphine hakungoja. Norbert alikwea miti, akina mama wakachambua vichikichi, wakachemsha, wakatwanga na kukamua mchana kutwa, watoto wakicheza pembeni ya kaburi, na harufu ya mawese mapya ikaenea mpaka barabarani. Katika ukoo huo, mwenye michikichi anapokamua mafuta ya kwanza ya msimu, humpelekea mkubwa wa ukoo chupa moja. Anayepeleka ndiye mwenye shamba. Anayepokea amekubali.

Adolphine alijaza chupa, akaiziba kwa kipande cha gunzi la muhindi, akavuka ua. Anastasie alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, hii iko ya Papa mukubwa. Mawese ya kwanza."

Anastasie aliitazama chupa. Alitazama nyumba, ambako mumewe alikuwa amelala kidogo baada ya kutoka shambani. Alijua anachoulizwa. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akaipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, mwanangu," alisema. "Usalimie nyumba ya Koko."

Casimir alipoamka alikuta chakula mezani. Ugali ulikuwa unatoa mvuke, na sombe ilikuwa nyekundu, inang'aa kwa mafuta kama mafuta yanavyong'aa siku yanapokamuliwa. Alikaa. Alinusa.

"Hii mawese imetoka wapi?"

"Kwa Mwasiti," alisema Anastasie. Hakuinamisha macho.

Ng'ambo ya ua Casimir alisikia wanawake wakicheka, na mtu akiimba wimbo wa kubembeleza watoto, wa Ujiji, ambao yeye aliusikia kwanza kupitia ukuta wa chumba cha mama yake. Alimega tonge, akalifinyanga kwa vidole, likakaa mkononi mwake.

"Lete chumvi," alisema mwishowe.

Akala.